Wanja wa Shangazi

4 Februari

Dada Shoto,

Sisi hatujambo, goti la mama tu ndilo lenye maneno yake kila asubuhi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu getini kwetu simu zinabandikwa stika kwenye kamera, na siku nyingine askari anataka kuona umemwandikia nani na nini. Karatasi bado haijaulizwa kitu. Hii ni barua ya pili. Ya kwanza nimeichana, kwa kuwa sikujua kama nikueleze au nikufiche.

Leo wameamua kumfanya upya Shangazi.

Unakumbuka karakana ndiyo iliyolipa gari jina hilo, kwa vile linabeba watoto wa kila mtu na mizigo yao wala halilalamiki. Basi sasa Shangazi yuko katikati ya umri wake. Watu wa mauzo wanasema wanunuzi wanampita kama unavyompita mtu uliyemzoea. Mkuu wa Michoro akasimama mbele ya meza ndefu akatoa kanuni yake, nadhani aliitoa hata siku zako: "Bati haliguswi. Kinachofunguka kwa spana ndicho kinachobadilika." Yaani paa, milango na ubavu vitabaki vilevile, kwa sababu kalibu za kukandamizia mabati hayo hazitengenezwi mara mbili. Zitabadilishwa taa, bampa, wavu wa mbele, dashibodi, usukani na vitambaa vya viti. Mama wa chai alikuwa anakusanya vikombe. Akasema, "Kwa hiyo Shangazi hapasuliwi, anapakwa wanja tu." Hata Mkuu alicheka.

Halafu akaliendea gari lililoegeshwa pale ukumbini, akalipapasa ubavuni, kwenye ule mstari unaotoka taa ya nyuma hadi ya mbele. Akasema, "Mstari wangu huu ndio uliolibeba gari miaka yote." Kalamu ikaniponyoka. Nikaifuata chini ya meza na kukaa huko muda mrefu kuliko kalamu ilivyostahili.

Dada, hajui kwamba tumechangia mama. Majina ya baba zetu ndiyo yanayonificha. Nimekwambia ili usisikie kwa watu. Nakuomba hasira zako zibaki huko huko ulipo.

Mdogo wako,
Bwana Taratibu


11 Februari

Bwana Taratibu,

Toka chini ya meza.

Habari yako imenikuta ninayo tayari. Wewe unapanga viti na kuandika nani amehudhuria, kwa hiyo huenda hujaijua desturi hii: taa, wavu na bampa vinashikana kama macho, pua na mdomo, basi kiwanda cha taa ndicho kinachoombwa kuchora uso wote kwanza. Michoro inarudishwa na muhuri wa kiwanda. Jina la mchoraji haliandikwi popote. Na kiwanda hicho, mdogo wangu, ndicho kilichonipokea mimi mlango wenu uliponifungia. Uso wa Shangazi umetua mezani kwangu.

Nakukumbusha, kwa kuwa naona umeanza kumwita Mkuu kwa sauti laini hata kwenye karatasi. Siku gari lilipofunuliwa mara ya kwanza, alisimama mbele ya watu akasema mstari ule aliuchora yeye, kwa pigo moja la mkono, usiku mmoja, kwenye kitambaa cha meza ya hoteli. Nikasimama. Nilitaka kusema neno moja tu: wangu. Akanionyesha kwa kidole, akacheka, akasema, "Huyu binti alikuwa anatuchongea penseli." Ukumbi mzima ukacheka naye. Wiki ile ile nikafukuzwa, na mahali pa meza yangu pakawekwa mashine ya kutolea nakala. Niliyesoma miaka yote ile, nikawa mchonga penseli.

Sitaki kitu kikubwa kwako. Nataka unieleze yukoje siku hizi. Kope la kushoto bado linaning'inia kuliko la kulia? Akitabasamu bado anapandisha pembe moja tu ya mdomo, kama mtu aliyekula kitu cha mwenzake? Kidevu kimeshuka? Niandikie kwa makini. Kwa makini najua huna mpinzani.

Dada yako


20 Februari

Dada Shoto,

Barua yako ilinitia hofu mwanzo, lakini nilipofika mwisho nikapumua. Mtu anayeuliza kama kidevu cha mwenzake kimeshuka huenda moyo umeanza kupoa. Mama naye anasema hivyo, ingawa sikumsomea yote.

Basi yuko hivi. Kope zote mbili sasa ni nzito, ila la kushoto linafunika karibu nusu ya jicho, hata akiwa macho kabisa. Ofisini wanamwita Kope, si mbele yake. Pembe ya kulia ya mdomo ndiyo inayopanda. Ya kushoto inabaki chini, ina mkunjo mmoja mfupi. Kidevu ni kipana, kimegawanyika katikati. Anapokusikiliza anainamisha kichwa kidogo mbele, kwa hiyo unaona kope kwanza, macho baadaye.

Nitakwambia na jambo jingine, usikasirike. Mvua ikinyesha ananipa lifti. Ananiita mwanangu. Alisikia mama anaumwa goti, akaagiza kiti kirefu cha ofisini kiletwe nyumbani. Mama anakikalia sasa hivi ninapoandika. Siku ya kwanza aliniuliza, "Kwenu mko wangapi?" Nikasema, "Wachache." Akacheka mpaka akafuta macho. Sikujua nimechekesha wapi.

Mdogo wako


2 Mei

Dada, umefanya nini?

Michoro ya uso imekuja mitatu, mmoja wenu, miwili ya wengine. Wa kwenu ndio uliopewa herufi B, na wachongaji wakautengeneza kwa udongo, ukubwa wa gari lenyewe. Leo asubuhi nilipeleka maji karakana. Pazia lilikuwa limefunguliwa. Nikamwona amenikazia macho, ameinama kidogo mbele, kope la kushoto limeshuka, pembe ya mdomo imepanda. Nikamwamkia. Dada, nililiamkia gari shikamoo. Jagi likanimwagikia miguuni.

Kumbe ulivyokuwa unauliza ulikuwa unachora. Na mimi nilikaa kama mtoto mzuri nikakupimia mkunjo.

Mkuu amelizunguka gari kutwa nzima. Anasogea, anarudi nyuma, anainamisha kichwa, nalo limeinamisha kichwa. Akasema, "Huyu sijui kwa nini namwona kama namjua." Mabwana wote waliokuwa naye wakasema ndiyo, Mkuu, kuna kitu, kuna heshima fulani. Hawaoni. Nadhani mtu aliyezoea kuutazama uso huo ili ajue kama leo umekasirika hawezi tena kuona umbo lake. Mama wa chai peke yake alisimama na sinia, akatazama huku, akatazama kule, akanong'ona, "Ndiyo maana wanasema mke na mume wakikaa sana hufanana. Shangazi wa watu ameshaolewa." Nikamwomba anyamaze. Akasema, "Mimi nimesema nini, mwanangu? Sukari vijiko viwili?"

Rudisheni mchoro, dada. Semeni una kasoro, semeni taa haitapitisha mwanga. Akijua, ataanza kuuliza nani alimweleza mchoraji, na swali hilo lina mlango mmoja tu. Nikifukuzwa, dawa za mama zinaishia wapi? Unamchoma yeye, lakini kisu kimepitia kwangu.

Mdogo wako


9 Mei

Bwana Taratibu,

Umeliamkia gari. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sirudishi kitu. Sikiliza nitakavyo, kwa kuwa sasa unajua nusu, na nusu ya jambo ndiyo inayokutetemesha. Ataupitisha uso ule. Anaupenda kwa sababu hakuna uso anaoupenda zaidi. Siku ya kumfunua Shangazi watu wa magazeti watajaa ukumbini, na taa kali, na wapiga picha. Wewe ndiye unayepanga nani asimame wapi. Msimamishe ubavuni mwa gari, upande wa kushoto, kichwa chake kiwe usawa wa boneti. Basi. Picha moja tu. Kesho yake nchi nzima itaona kwamba mtu huyo ametengeneza gari la familia lenye uso wake mwenyewe, kope na vyote, na kila mtoto atakayelipita atalicheka. Alinichekea mbele ya ukumbi mmoja. Mimi nitamchekea kila barabara.

Na hizo lifti, ziache. Mpanda gari la mtu husifu hata breki zake. Unafikiri kiti kile amempa mama? Amekupa wewe, ili ukikumbuka kusema kweli ukumbuke na goti. Siku nilipofukuzwa, mama alilia akiwa amekaa kwenye ndoo. Muulize.

Dada yako


16 Juni

Dada Shoto,

Nilimuuliza. Ni kweli, ndoo.

Wiki iliyopita zililetwa familia za watazamaji, kama ilivyo desturi. Wanaingizwa ukumbini, wanaonyeshwa nyuso tatu bila kuambiwa nani alichora, wanasema wanachohisi nasi tunaandika. Mama mmoja alisema B linaonekana kama linajua siri za jirani. Mume wake akasema, "Ndiyo, lakini haliwezi kuzisema, lina usingizi." Mzee mmoja alisema anaweza kuliamini gari hilo na mizigo yake lakini si na binti yake. Walicheka sana, na wakalichagua. Wote, isipokuwa mtoto mmoja aliyejificha nyuma ya baba yake. Limepita, dada. Umepata ulichotaka.

Leo Mkuu ameniita ofisini kwake, akafunga mlango. Nilihesabu vitabu vya kabatini ili nisimtazame. Akanipa bahasha, akasema niitume kiwanda cha taa, juu imeandikwa "Kwa aliyechora". Ilikuwa imefungwa kwa gundi na kupigwa muhuri. Sikuifungua, kwanza kwa adabu, halafu kwa woga, na zaidi ni woga. Labda ni pongezi. Niandikie ni nini.

Mdogo wako


16 Juni

Kwa fundi wa mkono wa kushoto,

Nakupongeza kwa kazi nzuri. Vivuli vya michoro yako vimeinamia upande ambao mkono wa kulia hauviinamishi, na katika maisha yangu nimefanya kazi na mashoto mmoja tu. Lakini hata bila hivyo ningekujua. Nani mwingine amewahi kunitazama kwa makini kiasi hicho? Mke wangu hajui kwamba pembe ya mdomo wangu ina mkunjo ule.

Nilijiona siku ya kwanza, kabla udongo haujakauka. Nikakasirika mpaka wakati wa chakula. Baadaye nikakaa nikafikiri, nikaona umenitendea wema ambao hukuukusudia. Miaka yote hii niliposema gari hili ni langu, palikuwa na watu wawili watatu wa kunong'ona pembeni. Sasa nani atanong'ona? Lina uso wangu. Ubavu uliochora wewe unauvaa uso wangu uliouchora wewe. Umelisaini gari kwa niaba yangu, binti, na saini nzuri kuliko ninayoweza kuandika mwenyewe. Siku ya kulifunua nitasimama ubavuni mwake kwa hiari yangu. Nitawaambia watu nimejichora kidogo, kwa utani. Watanipenda zaidi.

Jambo la pili. Kijana mwoga anayenipangia viti ana masikio yako, na ana namna yako ya kushika karatasi pembeni kama inaunguza. Ni mfanyakazi mzuri. Mama yake, naambiwa, anakipenda kiti. Ningependa aendelee na kazi, naye mama aendelee na kiti. Hilo sasa liko mikononi mwako, wa kushoto na wa kulia. Ukikaa kimya, tutakaa vizuri sote.

Wako katika kazi,
Mkuu wa Michoro


24 Juni

Mdogo wangu,

Haikuwa kitu. Ni pongezi, kama ulivyosema.

Yale niliyokwambia kuhusu kumsimamisha mahali fulani, yasahau. Asimame atakapo. Fanya kazi yako vizuri, usimuudhi, lifti akikupa panda. Mwambie mama akae kwenye kiti chake kwa raha. Mimi nina kazi nyingi, huenda nisiandike kwa muda.

Dada yako


10 Januari

Dada Shoto,

Miezi yote hii nimekuwa nikisema wewe ndiye uliyenyamaza, lakini na mimi nilinyamaza. Niliipenda barua yako ile. Ilinipa ruhusa ya kutofanya kitu, na hakuna zawadi ninayoipokea haraka kama hiyo. Ila sikuiamini. Wewe hujawahi kuandika barua bila kunitania hata mara moja.

Jana mvua ilinyesha, Mkuu akanipa lifti. Tulikuwa tumesimama kwenye foleni, vifuta vioo vinafanya kazi. Akasema, bila kugeuka, "Dada yako hajambo?"

Nikasema, "Hajambo."

Neno lilitoka lenyewe, kwa adabu tuliyofundishwa. Akatabasamu kwa ile pembe moja. "Ana kipaji," akasema. "Tatizo la mkono wa kushoto ni kwamba unafuta kile unachoandika." Kisha akaniambia yote aliyokuandikia, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. Tulipofika nyumbani akaongeza, "Msalimie mama. Kiti kikilegea useme."

Niliingia ndani nikamkuta mama amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Nilisimama pale na maji yananitiririka. Dada, unajua mimi naogopa. Naogopa askari wa getini, naogopa barua za rangi ya kaki, naogopa simu ikiita mara moja na kukatika. Nimeogopa maisha yangu yote ili jambo baya lisinikute. Na jana niligundua limeshanikuta. Limekaa ndani kwetu, lina magurudumu matano na mto wa kuegemea. Sasa naogopea nini tena?

Nina swali. Ule mstari wa ubavuni, uliwahi kuuchora mbele yake? Nakumbuka ulikuwa unauchora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni kwa mama, kwa kuuzungusha mkono kutoka begani. Mama alikugombeza kila mara, wala hakuufuta.

Mdogo wako


17 Januari

Bwana Taratibu,

Hakuwahi kuniona nikiuchora. Yeye alikuwa analetewa karatasi ikiwa tayari, anaiinamishia kichwa.

Ni mstari mmoja lakini si rahisi. Unaanza umelala, unaamka juu ya gurudumu la nyuma, unanyooka milangoni, na kabla hujafika taa ya mbele unalala tena, kidogo sana, kama mtu anayejilaza bila kutaka kumwamsha mwenzake. Ukiufikiria, umeharibika. Mimi uliniingia baada ya kuuchora kwa miezi, ukutani kwa mama na kila mahali. Mtu asiyeuchora anaona ni mstari tu.

Kwa nini unauliza? Usifanye kitu. Niliposema nitamchekea kila barabara, sikuwa nimekuhesabu wewe. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwetu ni wewe na mama. Umenisikia? Nakwambia kama dada yako mkubwa, siyo kwa utani.

Da Shoto


3 Machi

Dada Shoto,

Nilikusikia. Samahani.

Jana Shangazi alifunuliwa. Sitaki ulisikie kwa watu, kwa hiyo nakueleza lilivyokuwa, bila kupunguza.

Wiki mbili zilizopita, garini akinipa lifti, nilimwambia Mkuu, "Watu wa magazeti wangependa kukuona ukiuchora ule mstari kwa mkono wako. Kwa pigo moja, kama siku ile ya kitambaa." Sikudanganya hata neno. Wangependa. Alinitazama kwa muda, kope zake zote mbili zikiwa chini, nikajua amenikamata. Kumbe alikuwa anafurahi. Akasema, "Sasa umeanza kuijua kazi, mwanangu. Liweke kwenye ratiba." Nadhani hadithi ya kitambaa ameisimulia mara nyingi mpaka mkono wake nao umeiamini.

Nikaazima ubao mweusi mkubwa kutoka chumba cha mafunzo. Nikauweka kando ya gari, karibu kiasi kwamba mtu akitazama ubao anaona na ubavu. Nikaweka chaki nzima, si vipande. Ndiyo kazi yangu, kupanga vitu.

Alihutubia vizuri. Akavuta pazia mwenyewe. Shangazi akatokea na wanja wake, akang'aa, watu wakapiga makofi. Akasimama ubavuni kwa gari, akasema amejichora kidogo, na kama alivyotabiri, wakampenda. Mwenyekiti wa kiwanda chetu alicheka mpaka akajipiga paja. Halafu mshereheshaji akasoma ratiba: "Na sasa Mkuu atatuchorea mstari wa Shangazi, kwa pigo moja."

Aliinua chaki. Mstari wa kwanza ulilegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Watu wakatabasamu, wakadhani anatania. Akaufuta kwa kiganja. Wa pili ulipanda vizuri, ukasahau kushuka, ukaishia nje ya ubao. Akavua koti. Wa tatu aliuchora kwa vipande vidogo vidogo, kama mtu anayeshona, na jasho likaanza kumtoka. Nyuma kabisa mama wa chai akasema, kwa upole tu, "Mkuu, si yuko hapo ubavuni kwako? Mwangalie basi, umnakili."

Akageuka kuangalia. Hapo ndipo walipompiga picha. Ndiyo picha iliyo kwenye magazeti leo: nyuso mbili, kope zilezile, mdomo uleule, mmoja wa plastiki umetulia, mmoja wa nyama haujui uweke wapi macho yake. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama maji.

Mwenyekiti hakucheka tena. Alisubiri wakanyamaza, akauliza taratibu, "Siku ya kwanza palikuwa na binti hapa. Ulisema alikuwa anachonga penseli. Yuko wapi?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jagi la maji, mahali pangu. Nikasikia sauti ikisema, "Yuko kiwanda cha taa. Ndiye aliyechora huu uso. Na huo ubavu. Ni dada yangu." Ilikuwa sauti nyembamba sana, dada, ilipasuka katikati. Lakini ilitosha.

Jioni alinikuta kwenye korido akiwa na chaki kwenye shati lake. Alisema neno moja, "Toka," na nikatoka. Mvua ilikuwa inanyesha na nilitembea hadi nyumbani. Leo tumesikia naye amepewa likizo ambayo hakuiomba. Mimi kazi sina. Asubuhi nilimwambia mama yote. Alinisikiliza, akanyanyuka, akakisukuma kile kiti kwa magurudumu yake mpaka nje, akakiacha kwenye mvua. Sasa amekaa kwenye ndoo, ananiuliza kwa nini nacheka.

Mdogo wako,
Bwana Taratibu


28 Julai

Bwana Taratibu,

Nimefurahi duka la vipuri limekupokea. Eti kwa siku moja umepokea taa tano za Shangazi zilizovunjika, zote za kushoto. Watu wanamgonga jicho lile lile, na mimi simsikitikii. Kochi nililotuma ni la mama, si lako. Ukilikalia nitajua.

Mwenyekiti aliniita mara mbili. Mara ya kwanza sikwenda, ili nao waonje kusubiri. Mara ya pili nikaenda. Walinipa chai, wakaniomba radhi kwa maneno marefu, wakaniuliza nataka nini. Walidhani nitataka meza yangu. Nikasema nataka ule ubao. Usifutwe. Utiwe kioo, utundikwe ukumbini, na mistari yake mitatu, na alama ya kiganja pale alipojaribu kuficha wa kwanza. Na chini yake paandikwe nani alichora. Yeye ana haki ya kuandikwa jina kwenye kazi yake. Wakatazamana. Wameutundika. Mama wa chai ananiambia kila mgeni anauliza, na yeye ndiye anayeeleza.

Nikakataa kurudi.

Nilidhani hapo ndipo kisasi changu kimeisha. Jana natoka kazini, kwenye kona ya duka la mikate, nikakutana naye. Ni gari jipya, lina mtoto nyuma na magunia juu. Ameinamisha kichwa, kope la kushoto chini, ananitazama kama siku ile ukumbini. Nilikuwa nimesahau, mdogo wangu, kwamba barabara ambazo niliahidi kumchekea ndizo ninazopita mimi. Ataniangalia hivyo njia panda, kwenye maegesho, mlangoni kwa jirani, mpaka kizazi kile cha gari kiishe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Ungekuwa wewe ungeinamia kamba za viatu. Mimi sikuondoka. Nilisimama pale mbele ya boneti mpaka mwenye gari alipomaliza kuegesha. Alidhani nina shida, akaniuliza kwa heshima, "Dada, kuna tatizo?" Nikamwambia hapana, kaka, zima taa tu.

Akazima. Nilitaka kumwona akifumba macho mbele yangu.

Da Shoto